Draiva yenye kasi kubwa haifiki mbali kwa kila mkono

*Wachezaji wa gofu ya visahani hununua draiva, yaani visahani vya kurusha mbali, kwa kusoma nambari nne. Nambari hizo zina maana, ila hazijui mkono wa anayerusha.*

Kwenye sakafu ndogo ya saruji ya kurushia amesimama kijana mwenye mabega mapana, kisahani chekundu mkononi. Kimeandikwa Destroyer, na chini ya jina kuna nambari nne: 12, 5, -1, 3. Anapiga hatua tatu za haraka, anajipinda kiunoni na kukiachia kwa nguvu zake zote. Kisahani kinaondoka kwa mvumo, kinapanda, lakini hata nusu ya njia hakijafika kinalala upande wa kushoto na kujichomeka vichakani.

Anayefuata ni binti mwembamba. Chake kimeandikwa Leopard: 6, 5, -2, 1. Anarusha bila papara. Kisahani kinakwenda kimenyooka, kinainamia kulia kidogo, kinarudi kushoto taratibu na kutua katikati ya njia, hatua nyingi mbele ya kile chekundu.

Hali hii huonekana kila mwisho wa wiki kwenye viwanja vya Marekani, Finland, Sweden na Estonia, nchi ambako mchezo huu umeshika mizizi. Kijana hakukosa nguvu. Kosa lake alilifanya dukani, alipochagua kisahani kwa kutazama nambari ya kwanza peke yake.

Mchezo ulikoanzia

Kwa ambaye hajauona, gofu ya visahani hufuata mpango wa gofu ya kawaida. Badala ya fimbo na mpira kuna kisahani cha plastiki, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Mshindi ni anayemaliza vikapu vyote kwa mitupo michache kuliko wenzake. Msomaji anayeishi Minneapolis au Helsinki huenda ameviona vikapu hivyo bustanini. Viwanja vingi ni vya umma, na kucheza ni bure.

Aliyeupa mchezo sura yake ni Ed Headrick, Mmarekani aliyefanya kazi Wham-O, kampuni ya visahani vya Frisbee. Mwaka 1975 alipanga kiwanja cha kwanza rasmi katika bustani ya Oak Grove, La Cañada Flintridge, California. Mwaka uliofuata alianzisha PDGA, chama ambacho hadi leo ndicho kinachoidhinisha visahani vya mashindano. Kikapu cha minyororo nacho ni ubunifu wake. Alipofariki mwaka 2002, majivu ya mwili wake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani, kama alivyotaka mwenyewe.

Miaka hiyo ya mwanzo watu walirusha visahani vyenye ukingo butu, vinavyofanana na vile vya kuchezea ufukweni. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1983. Dave Dunipace, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Innova, alibuni kisahani kilichoitwa Eagle, chenye ukingo uliochongwa kwa mteremko ili upasue hewa. Draiva zote zinazouzwa leo, ziwe za kampuni gani, zimetokana na wazo hilo.

Tangu hapo kazi ya wabunifu imekuwa kupanua ukingo. Ukingo ukiwa mpana na mwembamba ncha yake, hewa haikizuii sana kisahani, nacho kinaweza kubeba mwendo mkali zaidi. PDGA imeweka mpaka: ukingo usizidi sentimita 2.6. Uzito nao usizidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na ndiyo maana draiva nyingi, zenye kipenyo cha sentimita 21 na kitu, hukomea gramu 175 au 176.

Nambari nne zinasemaje

Mfumo unaotumika sana ni wa Innova. Nambari ya kwanza ni kasi, kuanzia 1 hadi 14 au 15. Ya pili ni kuelea, yaani uwezo wa kisahani kukaa hewani, kuanzia 1 hadi 7. Ya tatu ni kugeuka: jinsi kisahani kinavyoinamia kulia kikiwa bado na mwendo mkali, kuanzia +1 hadi -5, na kadiri inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo kinavyogeuka zaidi. Ya nne ni kukunja: jinsi kinavyoangukia kushoto mwendo unapoisha, kuanzia 0 hadi 5.

Maelezo hayo ni ya mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa nje ya mkono, kisahani kikitokea kifuani kwake. Kwa mtu wa mkono wa kushoto anayerusha hivyohivyo, kulia kunakuwa kushoto. Kwa anayerusha kwa kiganja cha mkono wa kulia, vivyo hivyo.

Nambari inayowapotosha wengi ni ile ya kwanza. Mnunuzi husoma 13 akadhani kisahani chenyewe kina kasi ya ziada ndani yake, kama gari lenye injini kubwa. Sivyo. Nambari hiyo ni deni. Inamwambia mrushaji ni mwendo kiasi gani anatakiwa kutoa ili kisahani kiruke kama kilivyobuniwa. Asipoutoa, nambari tatu zinazofuata hazimhusu.

> Nambari ya kasi ni deni. Inamwambia mrushaji ni mwendo kiasi gani anatakiwa kutoa.

Magwiji huachia kisahani kikiwa na mwendo unaozidi kilometa 100 kwa saa, kikizunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Wengi wanaoanza hawafiki kilometa 80. Pengo hilo ndilo linaloifanya Destroyer iwe kisahani tofauti kabisa katika mikono miwili tofauti.

Kinachotokea hewani

Hapa inafaa tutulie, kwa sababu ubishi wote wa draiva unatokana na sekunde chache za hewani.

Kisahani kinachoruka ni bawa linalozunguka. Hewa inayopita juu na chini yake hukinyanyua, na mzunguko wake hukizuia kupinduka, kama pia ya mtoto inavyosimama kwa kuwa inazunguka. Lakini kani ya kunyanyua haikishiki katikati kabisa. Kisahani kikiwa na mwendo mkali na kimelala sawa, kani hiyo hukaa nyuma kidogo ya kitovu, ikajaribu kuiinamisha pua.

Kitu kisichozunguka kingeinama kwa mbele. Kinachozunguka hakifanyi hivyo. Msukumo unaokuja mbele hujitokeza robo ya mzunguko baadaye, ubavuni. Kisahani kilichorushwa kwa nje ya mkono wa kulia, ukikitazama kutoka juu, huzunguka kufuata mishale ya saa. Kwa hiyo pua ikisukumwa chini, unaoshuka ni ubavu wa kulia, nacho huanza kwenda kulia. Huko ndiko kugeuka.

Mwendo ukipungua, kisahani huanza kuzama na hewa ikakipiga zaidi kutoka chini. Kani ya kunyanyua inahamia mbele ya kitovu. Sasa pua inasukumwa juu, na kwa kanuni ileile ubavu wa kushoto ndio unaoshuka. Huko ni kukunja. Kila kisahani kitakunja mwisho wake. Kinachotofautiana ni lini na kwa ukali gani.

Mrudie sasa kijana wa kisahani chekundu. Mwendo aliotoa haukutosha kuipeleka kani nyuma ya kitovu. Kisahani hakikuipata kabisa ile sehemu ya kwanza ya safari, ya kugeuka kulia na kunyooka. Kiliondoka mkononi kikiwa tayari kinakunja. Na mtu anayeona kisahani kikianguka kushoto huamua kuongeza nguvu, akainua pua bila kujua, na pua ikiinuka kinakunja mapema zaidi.

Umbo la ukingo ndilo linaloamua mengi. Pale sehemu ya juu na ya chini ya ukingo zinapokutana pana mstari, unaoonekana ukikishika kisahani usawa wa macho. Mstari ukikaa juu, kisahani huwa kikaidi: hakitaki kugeuka, kinakimbilia kukunja. Ukikaa chini, kinakuwa chepesi kugeuka. Mgongo wa kisahani ukiwa na kuba, kinaelea zaidi; ukiwa bapa, kinatua haraka. Tofauti ya nusu milimita, isiyoonekana kwa urahisi, hubadilisha safari nzima.

Tano kwenye mizani

Tuzichukue draiva tano za kampuni moja, Innova, ili tusichanganye vipimo.

Teebird (7, 5, 0, 2) ina ukingo wa sentimita 1.7 hivi. Inakwenda ilikotumwa, haigeuki, na inakunja kwa upole. Wachezaji wengi huifanya kipimo cha kulinganishia draiva nyingine zote za masafa ya kati. Kama ningelazimika kumpa mtu aliyekwisha zoea mchezo draiva moja tu, ningempa hii.

Firebird (9, 3, 0, 4) ni kaidi. Haielei sana na inakunja kwa nguvu. Anayeanza ataichukia. Mwenye mkono huipenda kwa sababu haiyumbi hata upepo ukivuma usoni, na kwa sababu anajua kwa uhakika kwamba itakata kushoto pale anapotaka kuuzunguka mti.

Sidewinder (9, 5, -3, 1) iko upande wa pili. Kasi yake kwa nambari ni sawa na ya Firebird, na bado hazifanani hata kidogo. Ukiirusha imelala sawa kwa mwendo wa wastani, inainamia kulia, inaelea, na mwishoni inarudi kidogo tu. Ndiyo inayowapa wenye mkono wa wastani masafa yao marefu kuliko yote.

Destroyer (12, 5, -1, 3), yenye ukingo wa sentimita 2.2, iko mifukoni mwa magwiji wengi tangu ilipotoka mwaka 2007. Kwa mkono unaoimudu huchora herufi S ndefu angani: kulia, kunyooka, kushoto. Boss (13, 5, -1, 3) hutofautiana na Destroyer kwa nambari moja tu, lakini ukingo wake ni mpana zaidi, na mwenye vidole vifupi huanza kushindwa kuukamata barabara. Mkamato ukilegea, mzunguko unapungua, na faida yote ya ukingo mpana inapotea kabla kisahani hakijaondoka.

> Firebird na Sidewinder zina kasi ileile ya 9, na bado hazifanani hata kidogo.

Wapo wanaosema masafa marefu hayapatikani bila nambari kubwa. Jibu lipo kwenye kumbukumbu za mchezo. Mwaka 2002, Christian Sandström wa Sweden alirusha mita 250 huko El Mirage, California, akaweka rekodi ya dunia iliyodumu miaka kadhaa. Alitumia Valkyrie, draiva ya kasi 9. Rekodi imekwisha sogea mbali tangu hapo: Machi 2016 David Wiggins Jr. alifikisha mita 338 huko Primm, Nevada, jangwani ambako upepo mkali huvuma kutoka mgongoni mwa mrushaji. Lakini mita 250 kwa kisahani cha kasi 9 ni masafa ambayo wanunuzi wengi wa draiva za kasi 13 hawatayakaribia maisha yao yote.

Wanaoamini nambari na wanaoamini mkono

Hapo ndipo wachezaji wanapogawanyika.

Upande mmoja wapo wanaozitetea nambari. Bila nambari, wanasema, mnunuzi amesimama mbele ya ukuta wenye visahani mia vya rangi zote na hana pa kuanzia. Nambari zimewapa watu wasiojuana lugha moja. Mtu wa Tallinn anaweza kumweleza mwenzake wa Texas kisahani chake kinafanyaje, wakaelewana.

Upande wa pili wapo wakongwe wanaosema nambari ni maoni ya mwenye kiwanda. PDGA hupima umbo: kipenyo, kimo, kina na upana wa ukingo, unyumbukaji. Haipimi kisahani kinavyoruka. Nambari za kuruka huandikwa na kampuni yenyewe, kwa kipimo chake yenyewe. Discraft, kwa mfano, kwa miaka mingi ilitumia nambari moja tu ya kueleza ukaidi wa kisahani kabla ya kufuata mfumo wa nambari nne.

Kisa cha Paul McBeth kinalionyesha tatizo vizuri. Alikuwa bingwa wa dunia mara nne, 2012 hadi 2015, akirusha visahani vya Innova. Mwishoni mwa 2018 alihamia Discraft, na mwaka 2019 alitwaa ubingwa wa tano. Draiva ya Zeus ikatolewa kwa jina lake: 12, 5, -1, 3. Nambari hizo ni zilezile za Destroyer. Hata hivyo hakuna maabara ya pamoja iliyovirusha visahani hivyo viwili kwa mashine moja, upepo mmoja na mwendo mmoja, ikathibitisha kwamba 12 ya kiwanda hiki ni 12 ya kile.

Wakongwe wana hoja nyingine nzito. Kisahani kimoja, kwa jina lilelile, hutengenezwa kwa plastiki tofauti. Ile ya bei nafuu ni laini, huliwa upesi na miti na mawe, na ukingo wake ukishalika kinazidi kuwa chepesi kugeuka. Ile ngumu na ya ghali hubaki na ukaidi wake kwa muda mrefu. Destroyer iliyogonga miti msimu mzima si Destroyer ya dukani tena, na wachezaji makini hubeba mbili au tatu za umri tofauti kwa sababu hiyo hasa. Nambari zilizochapwa juu yake, kama bado zinasomeka, ni zilezile.

Kuna pia hewa yenyewe. Upepo wa mbele huongeza mwendo wa hewa juu ya kisahani, hivyo kinageuka kuliko nambari zinavyosema. Upepo wa nyuma hukifanya kikunje mapema. Denver, kwenye mwinuko wa mita 1,600, hewa ni nyepesi, na draiva iliyokuwa tulivu pwani ya California inakuwa kaidi.

Nimezipima hoja za pande zote mbili, na naona wakongwe wana haki zaidi, ingawa dawa yao si sahihi. Kumwambia anayeanza "rusha tu utajua" ni kumwambia anunue kumi ili apate kimoja.

Nani anaumia

Draiva moja nchini Marekani huuzwa kati ya dola 10 na 20 na kitu. Si fedha nyingi kwa kimoja, lakini anayeanza hanunui kimoja. Hununua cha kasi 13, kikaanguka kushoto. Akanunua kingine cha kasi 13 chenye jina lingine, nacho kikaanguka kushoto.

Biashara inajua anachokitamani. Mwaka 2021 McBeth alisaini na Discraft mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 10. Anastahili, amekwisha kuwa bingwa wa dunia mara sita. Lakini jina lake likikaa juu ya kisahani, mtoto wa miaka 12 hukitaka, na mkono wa mtoto huyo hautaweza kukilipa deni lake.

Wanaoumia zaidi ni watoto, wanawake wanaoanza, na wazee. Wakilazimisha kisahani kisichowafaa, bega na kiwiko hulipa. Wengine hujiona hawana kipaji, wakaacha mchezo ambao ungewapa mazoezi na hewa safi bila gharama ya kiingilio. Hilo ndilo linaloniuma katika habari hii yote.

Sasa vipo visahani vyenye kifaa cha kielektroniki ndani, ambacho husoma mwendo, mzunguko na pembe ya pua wakati wa kuachia. Mtu akijua kwamba anatoa kilometa 75 kwa saa na kwamba pua yake inainuka, hahitaji kubahatisha. Vifaa hivyo bado ni ghali kwa mtu mmoja, lakini duka au klabu inaweza kuwa nacho kimoja na kumpima kila mteja kabla hajafungua pochi.

Mita 75

Juni 26, 2021, katika mji wa Ogden, Utah, James Conrad alisimama kwenye kikapu cha mwisho cha mashindano ya dunia akiwa nyuma ya McBeth kwa mtupo mmoja. Alikuwa umbali wa futi 247, kama mita 75, kutoka kikapuni. Alihitaji kuingiza. Alichochomoa mfukoni hakikuwa draiva. Ni Envy, kisahani cha polepole cha kulengea kikapu, chenye kasi 3. Kiliingia, wakafungana, na Conrad akashinda kwenye kikapu cha nyongeza.

Mita 75 ni umbali ambao wengi wanaoanza hawaufikishi kwa draiva ya kasi 13. Conrad aliufikisha kwa kisahani cha kasi 3, tena ndani ya kikapu, kwa sababu alikipa mwendo uliozidi ule kinaouhitaji na akajua kitafanya nini.

La kufanya

Kwa watengenezaji: pamoja na nambari nne, chapeni upana wa ukingo kwa milimita, uzito halisi wa kisahani husika, na mwendo wa chini unaohitajika kwa kilometa kwa saa. Mawili ya kwanza mnayo tayari kiwandani. La tatu linapimika. Na PDGA, ambayo tayari inapokea kila kisahani kipya kwa ukaguzi, ndiyo yenye nafasi ya kuweka kipimo kimoja kwa kampuni zote.

Kwa mnunuzi: anza na kasi 6 au 7, yenye kugeuka -1 au -2 na kukunja 1, uzito wa gramu 150 hadi 165. Leopard ni mfano mmoja. Kila kampuni ina wa kwake. Kirushe uwanja wazi usio na upepo mpaka kiwe kinageuka kulia na kurudi kila mara. Kikianza kugeuka na kutorudi, mkono wako umekua, na hapo ndipo upande hadi 9. Ya 12 na 13 ziache dukani mpaka uifikishe ya 9 mita 100 bila kujilazimisha.